'Saratoga': Mapenzi, mbio za farasi na figo zilizogoma

Filamu ya 'Saratoga' ya mwaka 1937 ni ya mapenzi na vichekesho kwenye viwanja vya mbio za farasi nchini Marekani. Clark Gable ni Duke, mpokea dau mwenye maneno mengi. Jean Harlow ni Carol, binti wa familia ya wafuga farasi ambayo shamba lake limeangukia mikononi mwa Duke kwa sababu ya madeni.

Ukiitazama tena kwa makini, utaona kuwa kuelekea mwisho Carol anaonyeshwa kwa mgongo, au uso umefichwa na kofia pana na darubini. Huyo si Harlow.

Mei 29, 1937, nyota huyo aliishiwa nguvu akiwa kazini. Alikuwa na uchovu, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na mwili kuvimba. Mwanzoni ilidhaniwa ni mafua makali na tatizo la kifuko cha nyongo. Ilipobainika ni figo, zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi. Alifariki dunia Juni 7, akiwa na miaka 26. Mary Dees alisimama badala yake, filamu ikamalizika.

Wakati huo hospitali hazikuwa na mashine za kusafisha damu, wala penisilini.

Katika ujana wake, Harlow aliwahi kuugua homa inayoanzia kooni na kuleta vipele vyekundu mwilini. Wengi walioandika maisha yake wanaihusisha na ugonjwa uliomuua.

Hapo ndipo penye somo kwa mzazi. Bakteria wa homa hiyo ndio pia husababisha baadhi ya maumivu ya koo kwa watoto. Wiki moja hadi tatu baada ya koo kuanza kuuma, figo za baadhi yao huweza kuathirika.

Dalili za kuangalia ni uso kuvimba, hasa kuzunguka macho asubuhi, mkojo kupungua, au kuwa na rangi nzito kama chai ya rangi. Usisubiri. Kituo cha afya kitaanza na kipimo cha mkojo na presha, na watoto wengi wanaowahishwa hupona.

Ukifika, mweleze daktari kwamba mtoto aliumwa koo hivi karibuni. Wazazi wengi husahau kulitaja kwa sababu koo lilishapona.