Saa Inaposema Kilimanjaro Ni Fupi

Ubao wa kilele cha Uhuru unasema mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Saa ya kidijitali ya mpanda mlima, ile ya sola yenye vihisi ndani, ikiwa ilirekebishwa Moshi na haikuguswa tena njia nzima, itaonyesha pale pale chini ya ubao kitu kama 5,630. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola huanza kugombana na mwongozaji wake: ama mlima umeongezewa urefu, ama saa ni feki. Ubao na saa vyote viwili vinaonewa. Ubao uko sawa kwa mita chache tu (vipimo vya satelaiti vya mwaka 1999 viliupa mlima mita 5,892), na saa nayo imepima vizuri. Iliyokosea ni hesabu inayofanywa ndani ya saa baada ya kupima, na hesabu hiyo ilitungwa na watu wa nchi za baridi.

Saa za namna hii, ambazo Casio ya Japani ilianza kuziuza kwa jina la Pro Trek mwaka 1995 na ambazo sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi, kwa kawaida hubeba vihisi vitatu: cha mgandamizo wa hewa, cha joto, na cha usumaku wa dunia kinachofanya kazi ya dira. Hakuna kihisi cha mwinuko. Saa ya kawaida ya vihisi vitatu haijui kabisa iko mita ngapi kutoka baharini. Inajua hewa inaikandamiza kwa nguvu kiasi gani, basi, na mita zote unazozisoma zimekisiwa kutokana na namba hiyo.

Kinachopima ni utando mwembamba wa silikoni uliofunika kijishimo kisicho na hewa. Hewa ya nje ikiusukuma, utando hubonyea kidogo sana, na kubonyea huko hubadilisha ukinzani wa umeme uliomo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme na mrija wa zebaki, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Ndiyo maana hadi leo saa yako inaandika hPa, yaani hektopaskali. Zebaki imetoka, silikoni imeingia.

Hewa imerundikana juu ya ardhi kama magodoro dukani: la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu limetuna. Karibu na bahari, ukipanda mita nane na nusu hivi mgandamizo hupungua kwa hektopaskali moja. Kule Uhuru, ambako hewa imekwisha kuwa nyepesi, inakubidi upande mita kama 15 kupata upungufu huo huo. Ili kugeuza hektopaskali kuwa mita, saa inahitaji kujua hewa iliyo chini yako ina joto kiasi gani, maana hewa yenye joto hutanuka na rundo lote hurefuka. Hapo ndipo inapokisia. Inachukua mfano wa hewa uliokubaliwa kimataifa kwa ajili ya ndege: nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari, kisha joto linapungua kwa nyuzi 6.5 kila kilomita moja.

Nyuzi 15 ufukweni! Wastani wa mwaka wa Dar es Salaam ni karibu nyuzi 26. Kwa mfano ule, kilele cha Uhuru kingekuwa na baridi ya nyuzi 23 chini ya sifuri. Kwa kweli wastani wake ni nyuzi kama 7 tu chini ya sifuri. Hewa yetu ni ya moto kuliko hewa ya vitabuni, kwa hiyo rundo letu ni refu zaidi, na mgandamizo hupungua polepole zaidi unapopanda. Uhuru una hektopaskali karibu 500. Mfano wa kimataifa unaamini hektopaskali 500 zinapatikana mita 5,574. Rekebisho ulilofanya Moshi linakusogeza juu kidogo tu. Mita mia mbili na zaidi zinapotea njiani, na zitapotea kwa saa ya bei mbaya sawasawa na ya bei nafuu.

Dawa yake ni ndogo: rekebisha mwinuko kila unapofika mahali penye ubao. Njia ya Marangu ina mbao rahisi kukumbuka kwenye vituo vyake vya kulala: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Anayeanzia Kibo na namba sahihi hupoteza mita hamsini sitini tu hadi kileleni.

Kuna kosa la pili, dogo, ambalo mimi naliona la kupendeza zaidi. Iache saa mezani siku nzima bila kuigusa, uitazame jioni: itakuwa imepanda mlima. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni inaweza kujiongezea mita 20 au zaidi ikiwa pale pale mezani. Hewa ina maji kupwa na maji kujaa yake. Jua linapochemsha tabaka za juu za anga, hewa yote hutikisika kwa mapigo mawili kwa siku, na katika nchi za ikweta mapigo hayo yana nguvu kuliko popote: mgandamizo hujaa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukapwa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ikiwa kama hektopaskali tatu. Alexander von Humboldt, alipokuwa Amerika ya Kusini zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aliona mwendo huu ni wa uhakika kiasi kwamba mtu angeweza kukisia saa kwa kuiangalia baromita.

Maana yake kwetu ni kwamba ule mchoro mdogo wa hali ya hewa kwenye uso wa saa usiusome kama kitabu cha maelekezo kinavyokuambia. Kitabu kinasema mstari ukishuka mvua inakuja. Kweli, huko Ulaya. Hapa mstari hushuka kila alasiri, kiangazi na masika, na mvua ya mlimani inaweza kunyesha bila baromita kujua lolote. Kitu cha kuangalia ni jana: kama leo saa kumi mgandamizo uko chini sana kuliko jana saa kumi, na hujahama, hapo kuna jambo. Vinginevyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha angalia mawingu.

Sasa mwili. Hewa ya Uhuru ina oksijeni asilimia ileile ya hewa ya Tanga, karibu 21. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma oksijeni ipite kwenye mapafu na kuingia katika damu. Ukitoa mvuke wa maji unaojaza njia ya hewa, pumzi moja pale kileleni inabeba chini ya nusu ya oksijeni ya pumzi ya ufukweni. Mapafu hayajui mita. Yanajua kile kile anachokijua kihisi cha silikoni, na ndiyo maana ile 5,630 iliyomuudhi mgeni ina ukweli wake: kwa mapafu, Uhuru ni mlima mfupi kidogo kuliko ubao unavyosema. Mlima wa urefu uleule karibu na ncha ya dunia, kama pale Alaska, ungembana mtu pumzi zaidi.

Jambo hili lilithibitishwa juu ya Everest. Tarehe 24 Oktoba 1981, daktari Chris Pizzo, akiwa katika msafara wa utafiti wa Wamarekani ulioongozwa na mwanasayansi John West, alipima mgandamizo kileleni na kupata milimita 253 za zebaki. Mfano wa kimataifa ulikuwa umetabiri 236. Tofauti hiyo, inayotokana na kuwa Everest iko karibu kiasi na ikweta, ndiyo inayowezesha watu wachache kufika pale bila mtungi wa oksijeni. Kwa Kilimanjaro unafuu ni mdogo na haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko.

Ugonjwa huo huanza na kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Haujali kifua cha mwanamichezo wala umri, na wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni, nao huupata. Kinachouleta hasa ni haraka. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na unapolala leo, na kila siku tatu au nne upumzike. Sasa rudi kwenye mbao za Marangu: 2,720, 3,720, 4,720. Ni mita elfu moja kila usiku, maradufu ya ushauri. Anayeongeza usiku mmoja wa kupumzika Horombo anajisaidia kuliko anayenunua saa mpya. Wanaopita njia ya Machame hupandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, wakashushwa kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000, na saa inayohifadhi mwinuko wa juu kabisa wa siku pamoja na wa kulala inaonyesha vizuri kama mpango huo umefuatwa.

Matoleo mapya yameongeza taa ya kupima oksijeni katika damu kupitia ngozi ya kifundo cha mkono. Hapa naomba wasomaji wawe wagumu kidogo kuamini. Baridi hubana mishipa ya mkono, mkono hutikisika, na namba inayumba. Kuna pia suala la rangi ya ngozi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu oksimita za vidoleni zinazotumika hospitalini: upungufu wa oksijeni uliofichika ulipita bila kuonekana kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Kama kifaa cha hospitali kinaweza kuteleza hivyo, saa inayokuambia una asilimia 88 isikuzuie kusema kichwa kinakuuma.

Vihisi viwili vilivyobaki sivisemi sana. Kipimajoto kinapima joto la mkono wako zaidi ya joto la hewa. Vua saa, iweke kivulini dakika 20 au 30, ndipo usome. Dira irekebishwe kwa kuizungusha kama kitabu kinavyoeleza, mbali na simu, fimbo za chuma na vitanda vya chuma.

Kuhusu jua, watu huogopa bure na hutulia bure. Seli ya sola iliyofichwa chini ya uso wa saa inahitaji mwanga kidogo ajabu: dakika tano hivi za jua la nje kwa siku zinatosha saa ya kawaida isiyo na satelaiti, wakati taa ya ofisini ingechukua kama saa nane kutoa kiasi hicho. Ikishajaa inaweza kukaa miezi kadhaa gizani ikihesabu dakika. Ila mlimani saa hushinda ndani ya mikono miwili mitatu ya makoti na glavu, huku mwenyewe akibonyeza kipima mwinuko kila hatua kumi na kuwasha taa usiku, na baridi nayo inadhoofisha betri. Betri ikipungua, saa hufunga vihisi kwanza na kubakiza wakati tu. Ifunge nje ya koti mchana, uianike kwenye jua la Horombo ukiwa unakunywa chai. Zile zinazosoma satelaiti hula umeme mwingi zaidi, na sola yake ni nyongeza tu. Lazima uzichaji kwa waya kabla ya kuondoka.

Anayetaka kuijaribu saa kabla ya safari asihangaike na Kilimanjaro. Barabara ya Mombo hadi Lushoto inapanda karibu mita elfu moja kwa mwendo wa chini ya saa moja. Saa ambayo hektopaskali zake hazipungui kwa takriban mia moja njiani haina kihisi ndani, hata kama imeandikwa nini juu yake.

Halafu kuna usiku wa Kibo, ambako watu huanza kupanda kileleni karibu saa sita. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea kwa kufuata mstari ulionyooka, au akaongea yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Akihema kwa nguvu hata akiwa amekaa, akakohoa na kutoa povu, maji yanajaa mapafuni. Hakuna namba ya kusubiri hapo. Anashushwa usiku uleule, akipewa oksijeni kama ipo. Mita 300 hadi 1,000 za kushuka ndizo kwa kawaida huleta nafuu, na hizo saa inaweza kuzihesabu vizuri hata ikiwa imekosea mwinuko wenyewe, kwa sababu kosa lake juu ya tofauti fupi ni dogo. Kutoka Kibo hadi Horombo ni mita elfu moja, na waokoaji wa hifadhi wana machela ya gurudumu moja inayopita njia ile gizani.