Mbuzi Anayeanguka: Mambo Ambayo Mnunuzi Hana Budi Kuyajua

Wengi wetu tumeona katika simu picha za video za mbuzi wanaoshtuka, wakakakamaa na kuanguka ubavu, kisha wakainuka na kuendelea kula majani. Picha hizo huchekesha, lakini mnunuzi wa mifugo hana budi kukumbuka kuwa si kila mbuzi aangukaye ni wa aina hiyo.

Mbuzi hao asili yao ni jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Inaelezwa kuwa katika miaka ya 1880 mtu aitwaye John Tinsley alifika kaunti ya Marshall akiwa na mbuzi wanne wa namna hiyo. Wafugaji waliwapenda kwa wingi wa nyama, na kwa kuwa si hodari wa kuruka ua.

Ingawa huitwa “mbuzi wanaozimia”, kwa hakika hawazimii. Wana hali ya kurithi iitwayo miotonia. Jeni moja yenye hitilafu huzuia kloraidi kupita vema katika seli za misuli, hivyo misuli ikishakaza huchelewa kulegea. Mbuzi hubaki na fahamu zake, na baada ya sekunde kadhaa hutembea tena. Hali hii haiambukizi.

Ugonjwa ni jambo jingine. Mbuzi mwenye pepopunda hukakamaa pia, lakini ukakamavu wake hauondoki upesi: huzidi, taya hubana, na mnyama hushindwa kula. Maji moyo, ugonjwa uenezwao na kupe, nao humfanya mbuzi apepesuke, aanguke na kutapatapa. Magonjwa yote mawili huua.

Kwa hiyo, muuzaji akikuambia kuwa mbuzi anayeanguka “ndivyo alivyozaliwa”, tunakushauri:

1. Mtazame kwa muda wa kutosha. Je, anainuka upesi, anakula na kutembea sawasawa?
2. Mwite daktari wa mifugo ampime kabla hujalipa.
3. Dai risiti inayotaja aina ya mbuzi na hali yake.
4. Usinunue nyama ya mnyama aliyechinjwa akiwa mahututi. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri.

Ni haki yako kuelezwa ukweli kuhusu unachokinunua. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.