Kutolewa Kizazi na Ukomo wa Hedhi wa Mapema: Swali la Kuuliza Kabla ya Kutoka Wodini

Mama mmoja mkazi wa halmashauri yetu, mwenye umri wa miaka 39, alifika zahanati mara nne ndani ya miezi miwili akilalamikia homa. Kila mara alipimwa malaria, na kila mara majibu yalionesha kwamba hana vimelea. Alieleza kuwa usiku mwili humwaka ghafla kuanzia kifuani kwenda usoni, jasho humtoka hadi shuka kulowa, kisha hushikwa na baridi. Nyumbani ilikuwa imeanza minong'ono kwamba amerogwa, naye mwenyewe alihofia kuwa ana ugonjwa mkubwa anaofichwa. Katika safari ya nne muuguzi alimuuliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa: "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji?" Akajibu kwamba miezi mitano nyuma alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomtoa damu nyingi kila mwezi. "Na vifuko vya mayai, navyo vilitolewa au viliachwa?" Mama yule hakujua. Hakuwa hata akifahamu kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Habari hii tunaisimulia kwa ridhaa yake na bila kumtaja jina, kwa kuwa swali alilokosa jibu ndilo linaloamua karibu kila kitu katika afya ya mwanamke baada ya upasuaji wa aina hiyo.

Lugha yetu ya kila siku inachangia mkanganyiko. Neno "kizazi" tunalitumia kwa mapana, likibeba viungo vyote vya uzazi vya mwanamke kwa pamoja. Tukisema "fulani katolewa kizazi", msikilizaji haelewi kilichotolewa ni nini hasa. Kitabibu, mfuko wa uzazi, yaani mji wa mimba, ni mahali mtoto anapokulia na ndipo damu ya hedhi inapotoka. Sehemu yake ya chini huitwa mlango wa kizazi. Pembeni kuna mirija miwili, na karibu na ncha za mirija hiyo kuna ovari mbili, ambazo wengi huziita vifuko vya mayai, kila moja ikiwa kubwa kidogo kuliko korosho. Viungo hivi vidogo ndivyo kiwanda cha mayai na cha homoni ya estrojeni. Mfuko wa uzazi hauzalishi homoni hiyo.

Kwa hiyo, mwanamke aliyetolewa mfuko wa uzazi peke yake hataona tena hedhi wala hatabeba mimba, lakini ovari zake zinaendelea kufanya kazi. Huyu hajafikia ukomo wa hedhi kwa maana halisi ya neno hilo. Anachopaswa kufahamu ni kwamba ovari zilizobaki zinaweza kuchoka mapema kuliko ilivyotarajiwa, na kwa kuwa hana hedhi ya kumwonesha mabadiliko, dalili za mwili ndizo zitakazomjulisha.

Mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili yuko katika hali nyingine kabisa. Kwa kawaida ukomo wa hedhi huwafika wanawake kati ya umri wa miaka 45 na 55, nao huja polepole; homoni hupungua kwa miaka kadhaa na mwili hupata muda wa kuzoea. Kwa aliyeondolewa ovari, upungufu huo hutokea mara moja. Dalili zinaweza kuanza ndani ya siku au wiki chache, tena zikiwa kali kuliko alizozisikia mama yake au shangazi yake walipofikia umri huo. Ukomo unaotokea kabla ya miaka 45 huhesabiwa kuwa wa mapema, na ukitokea kabla ya miaka 40 uzito wake ni mkubwa zaidi.

Si kwamba daktari hutoa ovari bila sababu. Kwa mwanamke ambaye bado ana umri wa kupata hedhi, ovari zenye afya mara nyingi huachwa. Hutolewa panapokuwa na saratani au hofu ya saratani, uvimbe mkubwa wa ovari, usaha, au viungo vilivyoshikamana kiasi cha kushindwa kutenganishwa. Wakati mwingine uamuzi huo hufanyika mgonjwa akiwa tayari kwenye meza ya upasuaji. Pale ndipo mawasiliano hukatika: aliyelala kwa dawa ya usingizi hakusikia, na aliyepokea maelezo ni ndugu aliyekuwa nje, ambaye alichokumbuka ni kwamba "operesheni imekwenda vizuri".

Dalili na maisha ya nyumbani

Joto la ghafla na jasho la usiku ndiyo dalili zinazojulikana zaidi, lakini wanawake waliokubali kuzungumza nasi hawakuanza na hizo. Walianza na usingizi. Mtu asiyelala wiki baada ya wiki huwa mkali, husahau alipoweka funguo, hulia bila kujua sababu. Huongezeka maumivu ya viungo, moyo kwenda mbio, uchovu, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Ukavu ukeni hufanya tendo hilo kuwa la maumivu, na mkojo huweza kuwa wa mara kwa mara au kuambatana na maambukizi yanayojirudia.

Hapo ndoa huingia majaribuni. Mume asiyeelezwa hudhani amechukiwa, na mke asiyejielewa hunyamaza. Halafu upo usemi unaozunguka katika vijiwe vyetu, kwamba mwanamke asiye na kizazi "amebaki tupu", au kwamba tumboni hubaki shimo linalojaa damu. Hakuna shimo. Utumbo na viungo vingine hujipanga katika nafasi iliyoachwa, na hakuna damu ya hedhi inayokusanyika, kwa kuwa utando ulioitoa haupo tena. Mume anayefuatana na mkewe kliniki husikia haya kutoka kwa mtaalamu, na tungependa kuwaona wanaume wengi zaidi kwenye mabenchi yale.

Baada ya upasuaji wanandoa hushauriwa kusubiri takriban wiki sita kabla ya kukutana, na katika muda huo mama asibebe ndoo ya maji ya lita 20 wala mzigo wa kuni. Baadaye, ukavu hupunguzwa kwa vilainishi vya maji vinavyouzwa katika maduka ya dawa, au kwa krimu ya estrojeni ya ukeni kwa maelekezo ya daktari. Mafuta ya mgando yasitumike pamoja na kondomu, maana huidhoofisha. Kondomu yenyewe bado ina kazi: asiyeweza kupata mimba anaweza kupata virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya ngono.

Dalili ambazo hazisikiki ndizo zinazotia wasiwasi zaidi. Estrojeni hulinda mifupa na mishipa ya damu. Mwanamke anayeikosa akiwa na miaka 39 anaishi bila ulinzi huo zaidi ya miaka kumi kabla ya wenzake, na mifupa yake hupungua uimara bila yeye kusikia chochote hadi siku atakapoteleza bafuni na kuvunjika kiganja au nyonga. Hatari ya magonjwa ya moyo nayo huongezeka. Ndiyo maana "vumilia, itapita" si ushauri wa kutosha kwa mwanamke mwenye umri huu, hata kama joto lenyewe litapita.

Tiba ya homoni na hofu yake

Kwa wanawake wengi walioondolewa ovari mapema, na wasio na kizuizi cha kiafya, wataalamu hupendekeza tiba ya homoni hadi umri wa kawaida wa ukomo wa hedhi, yaani karibu miaka 50 hivi, kisha uamuzi wa kuendelea au kuacha hupimwa upya. Asiye na mfuko wa uzazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Homoni ya pili, projesteroni, huongezwa hasa kwa ajili ya kulinda utando wa mfuko wa uzazi usije ukapata saratani, na huyu hana utando huo. Wapo wachache wanaoihitaji kwa sababu nyingine, hivyo daktari ndiye mwenye neno.

Hofu ya saratani ya matiti ina historia. Mwaka 2002 nchini Marekani, sehemu moja ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa baada ya kubainika kwamba waliotumia homoni mbili kwa pamoja walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kidogo kuliko wasiotumia. Habari ikaenea duniani kote, na wanawake wengi wakatupa dawa zao. Kilichosikika kidogo ni kwamba washiriki walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, wastani wao ukiwa miaka 63. Sehemu ya pili ya utafiti huo, iliyohusu wanawake waliotolewa mfuko wa uzazi na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya ongezeko la kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Matokeo ya bibi wa miaka 63 hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mama wa miaka 39, ambaye anarudishiwa tu kile ambacho mwili wake ungekuwa bado ukikitengeneza.

Hata hivyo dawa hizi si za kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au damu kuganda katika mishipa, na mwenye ugonjwa mkubwa wa ini lazima aeleze mapema. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu au za kifafa naye aseme, kwani baadhi yake hupunguza nguvu ya homoni. Kwa wasioweza kutumia homoni zipo dawa nyingine za kupunguza joto la ghafla, zikiwemo baadhi ya zile zinazotumika kutibu sonona; akiandikiwa hizo, mgonjwa asidhani ameonekana ana tatizo la akili. Na mtu asinunue vidonge vya uzazi wa mpango dukani akijiamulia kuwa homoni ni homoni.

Kuhusu vichupa vya "kusafisha kizazi" vinavyotembezwa minadani, tumekutana na mama aliyeuziwa dozi ya mwezi mzima ya kusafisha kiungo ambacho hana.

Nyumbani, mengi yanasaidia bila gharama kubwa. Nguo za pamba na khanga mbili kando ya kitanda, ya pili ikiwa ya kubadilisha. Kupunguza pombe, kahawa na pilipili kwa anayeona vinamchochea. Maziwa, mtindi, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Mwenye kulima na kutembea umbali mrefu tayari anaifanyisha mifupa yake kazi. Anayekaa dukani au ofisini kutwa ndiye anayehitaji kujipangia mwendo. Sigara iachwe. Jambo moja tunalisisitiza: baadhi ya wanawake huacha kutumia chandarua kwa sababu ya joto, na hapo malaria iliyokuwa ikishukiwa bure huja kweli.

Mlango wa kizazi nao usisahaulike. Katika upasuaji wa dharura, hasa kwa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mara nyingi mfuko hukatwa na mlango ukaachwa. Mwanamke huyo bado anahitaji uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kama wengine, ingawa wengi wao huamini kwamba hauwahusu tena.

Namna ya kupata huduma

Anayesubiri upasuaji amuulize daktari kabla ya kusaini fomu ya ridhaa: ovari zangu zitaachwa au zitatolewa, na kwa nini? Mlango wa kizazi je? Kama zitatolewa, nitaanza lini tiba ya homoni, na nani atanifuatilia? Baada ya upasuaji aulize tena, kwa sababu mpango huweza kubadilika ndani ya chumba cha upasuaji, na aombe majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa.

Aliyekwishafanyiwa upasuaji na ana dalili tulizozitaja aanzie zahanati au kituo cha afya cha kata yake. Asitarajie kukuta dawa za homoni pale. Atapimwa shinikizo la damu na kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Mwenye bima abebe kadi pamoja na fomu ya rufaa. Anayetokwa damu ukeni baada ya kupona kidonda, anayevimba mguu mmoja kwa maumivu, anayebanwa kifua, au anayejiwa na mawazo ya kujidhuru asisubiri siku ya kliniki. Aende hospitali mara moja.

Asiye na karatasi ya ruhusa aende kitengo cha kumbukumbu cha hospitali alikopasuliwa, akiwa na namba ya jalada au tarehe ya kulazwa, aombe muhtasari wa upasuaji wake. Mama tuliyeanza naye alifanya hivyo. Maandishi yalionesha kwamba ovari zote mbili zilitolewa kwa kuwa zilikuwa zimeshikamana na uvimbe. Daktari alimpima, akamwanzishia estrojeni, na baada ya wiki chache akaanza kulala usiku. Karatasi ile ameitolea nakala mbili, moja anayo yeye na nyingine anayo mumewe.