Nyonga ya Kauri na Maisha ya Kuchuchumaa

Nyonga bandia, inayowekwa pale kiungo cha asili kinapolika au kuvunjika, ina kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, na kwa miongo mingi adui yake mkubwa amekuwa vumbi la plastiki ya kikombe hicho, ambalo huuchochea mwili kuumomonyoa mfupa hadi kifaa kilegee. Kwa kulikwepa vumbi hilo, mwaka 1970 daktari Mfaransa Pierre Boutin alitumia kauri, yaani unga wa oksidi ya alumini uliochomwa tanuruni hadi ukawa mgumu kupita chuma.

Kauri hailiki upesi, lakini haipindi wala haibonyei: ikishindwa, hupasuka. Mwaka 2001 vichwa vya zirkonia, aina nyingine ya kauri, viliondolewa sokoni baada ya vingi kupasuka kufuatia mabadiliko ya tanuru kiwandani. Kauri ya sasa, iliyochanganywa aina zote mbili, hupasuka kwa nadra sana.

Kwa mkazi wa Sombetini, jijini Arusha, mwenye nyonga ya kauri, jambo zito zaidi ni namna ya kukaa. Mama anayegeuza chapati kwenye jiko la mkaa, amekaa kigodani magoti yakiwa juu ya kiuno, au anayetumia choo cha kuchuchumaa, huweza kuikunja nyonga hadi shingo ya kifaa, iliyo chini ya kichwa, igonge ukingo wa kikombe, kichwa kikajiinua kidogo upande wa pili na uzito wote ukaangukia mstari mwembamba. Hapo mng'aro huchubuka, ute unaolainisha hukatika, nyonga ikaanza kulia kama bawaba kavu, na ukingo ukaweza kumeguka. Kumwambia tu mgonjwa huyo atumie kiti kirefu hakutoshi. Habari za jiko na choo chake zinastahili kuulizwa kabla kifaa hakijachaguliwa, kwa sababu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako kifaa kingeweza kukaguliwa, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa basi, na mlio usio na maumivu ni rahisi kuupuuza.

Kauri ikishapasuka, kosa baya kuliko yote ni kuweka kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki mahali pake, kwani vigae vilivyosalia huzama katika plastiki na kukisaga chuma kama msasa, kobalti ikaingia kwenye damu na kudhuru moyo, macho na masikio. Daktari hulazimika kuokota vigae kimoja kimoja, kuondoa nyama iliyovishika, kisha kuweka kauri nyingine.