Tani moja ya mpunga: hesabu ya pikapu ya esanse Isangi

Chukua tani moja ya mpunga. Imefungwa magunia, imelala chini ya paa la majani kijijini, kilomita 50 kutoka mtoni, na mwenye mali anataka ifike Isangi kabla boti ya Kisangani haijaondoka. Ana njia mbili za nchi kavu. Pikipiki inayobeba kilo 125 itakwenda na kurudi mara 8, au pikipiki 8 zitakwenda mara moja moja. Tukikadiria lita 3 kwa kila kilomita 100, kazi nzima itakula lita 24. Pikapu nzito ya Land Cruiser yenye injini ya petroli ya lita 4.0 inabeba tani hiyo kwa safari moja, na kwenye tope, kwenda na kurudi, itakunywa lita 24 au 25.

Mafuta ni yale yale. Kwa hiyo anayefikiria kuleta pikapu ya petroli wilayani Isangi, mkoani Tshopo, asianze na ukubwa wa injini. Ajiulize ni wapi gari hilo litampa kitu ambacho pikipiki 8 na mto haviwezi kumpa.

Mto ndio barabara kuu

Isangi imekaa pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, kilomita 120 hivi chini ya Kisangani. Walokele walifanya biashara ya mto huu vizazi na vizazi kabla gari halijajulikana, na mpaka leo mzigo mkubwa unapanda maji. Mpunga, muhogo, mawese, ndizi na samaki wa kukaushwa hupakiwa kwenye mitumbwi yenye mota na kwenye baleniere, zile boti pana za mbao zinazobeba watu, mbuzi na magunia kwa pamoja. Boti haidai kalavati wala daraja, na haizami tope.

Kwa gari mambo ni mengine. Ukitoka Kisangani kwa ukingo wa kushoto, unaanza kwa kuvuka mto hadi Lubunga, maana daraja hakuna. Ukishika ukingo wa kulia, unafika Yangambi, mji wa utafiti wa kilimo ulioanzishwa mwaka 1933, kisha maji bado yako mbele yako. Mwenye pikipiki huipandisha kwenye mtumbwi akaendelea na safari. Mwenye pikapu husubiri kivuko, na kivuko nacho husubiri mafuta, fundi au gari la pili la kugawana gharama. Eneo la Yangambi hupata mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, na barabara za udongo huko hazipati miezi ya kutosha kukauka.

Ndiyo maana pikapu ikishindana na boti kwenye njia ya Kisangani hushindwa. Inapoweza kushinda ni kwenye kipande kifupi, kutoka shambani hadi gatini, ambako mto haufiki na ambako mzigo ukichelewa siku mbili boti huwa imeshaondoka.

Kwa nini petroli

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu majina. Huku ukiomba petroli utapewa mafuta ya taa. Mafuta ya pikipiki ni esanse na ya dizeli ni mazutu, na dereva mgeni asiyejua tofauti hiyo ameanza safari vibaya.

Karibu magari yote ya kazi nzito ya Kongo yanatumia mazutu, na sababu ipo. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, haina turbo wala elektroniki nyingi. Nguvu yake ni nguvu za farasi 130 hivi tu, lakini huitoa mapema, injini ikizunguka polepole, na hilo ndilo linalotakiwa gari linapojivuta kutoka kwenye shimo. Fundi wa kijijini huifungua kwa spana alizonazo. Haina bujia za kulowana, kwa hiyo kijito kikifika kwenye bampa bado ina nafasi ya kupita.

Hata hivyo esanse ina hoja moja ambayo wauzaji wa magari hawaitaji, nayo imeletwa na pikipiki. Kila penye pikipiki kuna kadafi, muuzaji wa mafuta wa kando ya njia aliyepewa jina la aliyekuwa kiongozi wa Libya. Ana meza, chupa zilizopangwa, bido la lita 20 chini ya kiti, na faneli yenye kitambaa cha kuchuja. Pikipiki na mota za mitumbwi zimemfikisha hadi vijiji ambavyo havitaona kituo cha mafuta leo wala kesho. Mazutu hupatikana kwa wenye mashine za kusaga na wenye baleniere, na ukiwakuta wana akiba ya kukuuzia, shukuru.

Tatizo ni kwamba kadafi anauza kwa kipimo cha pikipiki. Mafuta yake yamepita mikono mingi. Mengine yalipanda mto kwa majahazi ya chuma kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700. Mengine yalitoka bandari ya Mombasa kwa malori, yakapita Uganda na Kasindi, kisha barabara ya taifa namba 4 kupitia Beni na Niania hadi Kisangani. Kila mkono umeongeza faida yake. Mwenye pikipiki anayenunua lita moja huvumilia bei hiyo, lakini mwenye pikapu anayenunua lita 25 amemaliza faida yake mezani. Na chupa ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini ya petroli itagonga kila inapopanda mlima ikiwa na mzigo. Mwenye pikapu ya esanse anayetaka kudumu hununua kwa pipa Kisangani na kumwachia kadafi zile dharura tu.

Pipa hilo nalo lina hatari yake. Mvuke wa esanse hushika moto hata kwenye baridi kali, ilhali mazutu huhitaji joto la nyuzi 55 na zaidi ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao iliyojaa abiria iliungua baada ya moto wa kupikia kufikia mafuta, na zaidi ya watu 140 wakafa. Anayeshusha pipa la esanse kwenda Isangi juu ya baleniere yenye majiko ya makaa analeta gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote.

Gari linatoka wapi

Kongo huendesha upande wa kulia, hivyo pikapu zenye usukani wa kulia zinazojaa Kampala na Dar es Salaam haziwafai madereva wa huku. Wanunuzi wengi hutazama Dubai. Ghuba ni nchi za petroli, na huko Land Cruiser ya mzigo huuzwa ikiwa na V6 ya lita 4.0 kando ya zile za dizeli. Mashirika na makampuni ya mbao au mashamba makubwa hununua mpya. Mfanyabiashara wa mpunga hununua iliyotumika, akiomba chesisi isiwe imeoza.

Marekani wamepiga hesabu hiyo hiyo wakapata jibu jingine. Ford ilipotoa injini ya petroli ya V8 ya lita 7.3 kwa pikapu zake nzito za mwaka 2020, yenye nguvu za farasi 430, wakandarasi wengi waliichagua kwa sababu dizeli iliongeza takriban dola 10,000 kwenye bei ya gari. Lakini mkandarasi wa Texas anavuta trela juu ya lami, na kituo cha mafuta kiko kila baada ya dakika chache. Pikapu yenyewe ya Toyota inaruhusiwa Australia kuvuta trela yenye breki ya kilo 3,500. Isangi trela ya uzito huo ingezama hadi ekseli kabla gari halijaingia gia ya pili. Huku kuvuta maana yake ni kuopoa gari la mwenzako kwenye tope, kukokota gogo hadi penye msumeno, au kupandisha mtumbwi ukingoni.

Pikapu ipi, basi

Kwa mwenye kuzungukia vijiji vya karibu na gati, kilomita 15 au 20 kila upande, na mwenye pipa lake Kisangani, esanse inaweza kulipa, hasa kama aliipata kwa bei nafuu kuliko dizeli. Kwa anayevuka vijito na kulala njiani, 1HZ kuukuu bado ni mali. Na kwa yule mwenye tani moja tu kwa msimu, pikipiki 8 zitamfaa zaidi: zitapita kwenye njia ya mguu, hazitasubiri kivuko, na nauli itaingia nyumba 8.

Kuna fedha moja ambayo wote hawa wanailipa. Tangu sheria ya mwaka 2008 iliyounda mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, kila lita inayouzwa kihalali ina tozo ya barabara ndani yake. Lita inayochomwa na mota ya mtumbwi katikati ya Lomami nayo imelipiwa barabara, sawa na lita ya pikapu iliyokwama ng'ambo ikisubiri kivuko. Siku tozo hiyo itakaporudi Isangi ikiwa kalavati, pikapu itafanya safari mbili kwa siku badala ya moja, na ile tani ya mpunga itahesabiwa upya.