Jembe na mzinga: jinsi familia za Arua na Koboko zinavyoufuata mwaka wa mvua na maua

Katika vijiji vinavyozunguka Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, familia nyingi huishi kwa shamba dogo la muhogo, karanga, ufuta na mtama, pamoja na bustani ya mboga iliyo karibu na nyumba. Baadhi yao huongeza mizinga michache ya nyuki. Mizinga hiyo haipaliliwi, haidai shamba la ziada, na huweza kuleta fedha wakati ambapo ghala li tupu. Hata hivyo, faida yake hutegemea jambo ambalo familia moja peke yake haiwezi kulilinda: miti inayochanua wakati wa kiangazi, ambayo inazidi kukatwa kwa ajili ya mkaa, kuni na mashamba mapya.

Mvua moja ndefu yenye mapumziko

Kusini mwa Uganda mkulima huhesabu misimu miwili ya mvua iliyotengana waziwazi. Katika eneo la West Nile hesabu ni nyingine. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, hupungua kati ya Juni na Julai, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ifikapo Desemba anga huwa kavu, na ukavu huo hudumu hadi Machi.

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina ubaridi kidogo kuliko bonde la Nile lililo upande wa mashariki. Koboko, iliyokuwa sehemu ya Arua kabla ya kufanywa wilaya mwaka 2005, inapakana na nchi mbili, Kongo na Sudan Kusini. Kwa wakulima wa pande zote mbili, mwaka hugawanyika katika vipindi vitatu: kiangazi, mvua za kwanza na mvua kubwa. Kila kipindi kina kazi yake shambani, bustanini na mzingani.

Desemba hadi Machi: maua bila mvua

Anayepita katika eneo hili mwezi Januari huona nyasi zilizokauka na mashamba yaliyovunwa, akadhani kwamba kazi imesimama. Kwa nyuki mambo ni kinyume chake. Mti wa shea, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia na ya kujipaka, huchanua katika miezi hiyo ya ukavu. Miembe nayo huchanua. Nyuki vibarua hukusanya chavua na yale maji matamu ya maua yaitwayo mbochi, mara nyingi ndani ya umbali wa kilomita 3 kutoka mzingani. Wakirudi, hupokezana maji hayo kinywa kwa kinywa, huyaweka katika vijumba vya sega na kuyapepea kwa mbawa hadi yanakuwa mazito. Asali ikishaiva, nyuki huufunika kila mlango wa kijumba kwa nta.

Kazi ya mfugaji wakati huo ni kuwaandalia nyuki mazingira. Mizinga mitupu husafishwa na kupakwa nta ya zamani kwa ndani, kwa kuwa harufu yake huwavuta nyuki wanaotafuta makazi. Nguzo au nyaya zinazoshikilia mzinga hupakwa grisi ili siafu wasipande. Maji huwekwa karibu katika chombo chenye mawe au vijiti, nyuki wapate pa kutua bila kuzama. Kundi lililokosa maji au chakula haliwezi kuvumilia kwa muda mrefu. Nyuki wa Afrika ni wepesi wa kuhama, na mfugaji huweza kuamka akakuta masega bila nyuki.

Adui mkubwa zaidi wa kiangazi ni moto. Nyasi huchomwa ili malisho mapya yachipue, ili wanyama wawindwe, au ili shamba lisafishwe kwa haraka. Upepo ukigeuka, moto huo huteketeza mizinga pamoja na maua ambayo nyuki waliyategemea. Ndiyo sababu mfugaji mwangalifu hufyeka nyasi kuizunguka mizinga mapema, kabla hazijakauka kabisa.

Bustani nayo huhamia karibu na maji. Kandokando ya mito kama Enyau, unaopita Arua, na Kochi, katika upande wa Koboko, hulimwa nyanya, vitunguu, bamia na mboga za majani kwa kumwagilia. Ni kazi ya kuchosha, lakini mboga ya kiangazi hupata bei kwa kuwa ni adimu.

Aprili hadi Juni: kupanda, kurina na kungoja

Mvua za kwanza zikinyesha, jembe hutangulia kila kitu. Karanga, mahindi, maharagwe na wimbi hupandwa, na vipande vya miti ya muhogo huchomekwa ardhini. Muhogo ndio akiba ya eneo hili: unaweza kubaki ardhini miezi mingi, ukang'olewa kadiri nyumba inavyohitaji. Karibu na nyumba hupandwa mchicha, ambao Uganda huitwa dodo, pamoja na mlenda, bamia, maboga na kunde ambazo majani yake huliwa kabla ya punje.

Kipindi hiki pia ndicho kigumu zaidi kwa chakula. Mazao ya mwaka uliopita yamepungua na mapya hayajaiva. Muhula wa pili wa shule huanza mwishoni mwa Mei, na karo hudaiwa. Hapo ndipo thamani ya mzinga huonekana, kwa maana asali iliyotokana na maua ya kiangazi huweza kurinwa wakati ambapo shamba bado halijatoa kitu cha kuuza.

Kurina hufanywa jioni au usiku, nyuki wakiwa wametulia. Desturi ya zamani ilikuwa kutumia mwenge wa moto, njia iliyoua nyuki wengi, kuitia asali ladha ya moshi na mara nyingine kuwasha kichaka. Bomba la moshi hufanya kazi ileile kwa upole: moshi mdogo huwafanya nyuki waanze kunywa asali kana kwamba wanajiandaa kuhama, na aliyeshiba si mwepesi wa kuuma.

Kanuni ya kurina ni ya macho kuliko ya kalenda. Sega ambalo sehemu yake kubwa imefunikwa kwa nta ndilo lililo tayari. Sega lenye mayai na watoto haliguswi, kwa kuwa humo ndimo kundi la kesho linamolelewa: yai la kibarua huchukua siku 21 kuwa nyuki kamili, la malkia siku 16, na la dume siku 24. Waswahili husema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, lakini mfugaji anayechovya hadi tone la mwisho hujinyima mavuno yajayo.

Julai hadi Novemba: mvua kubwa na ghala

Karanga na maharagwe huvunwa mvua inapopumzika. Baada yake hupandwa ufuta, ambao Uganda huitwa simsim, na mtama utakaovunwa mwaka ukikaribia kwisha. Ufuta ni zao la chakula na la fedha kwa pamoja. Husagwa ukachanganywa na mboga, au huuzwa kwa wafanyabiashara.

Kwa nyuki, siku za mvua nzito ni siku za kukaa ndani na kula akiba. Kundi lililoachiwa masega machache ya asali hupita salama. Lililonyang'anywa yote hufa au huhama. Hata hivyo, maua ya mazao na ya magugu huwasaidia mvua inapokatika, na kundi lenye nguvu huweza kugawanyika, malkia wa zamani akiondoka na sehemu ya nyuki. Mfugaji mwenye mzinga mtupu uliotayarishwa huweza kulipokea kundi hilo bila kununua chochote.

Nyuki wanaifaa vipi bustani?

Si kila zao linahitaji nyuki. Mahindi, mtama na wimbi hutegemea zaidi upepo au hujichavusha yenyewe, na muhogo hupandwa kwa vipande vya mti. Lakini maboga, matango na matikiti yana maua ya kiume na ya kike yaliyotengana. Pasipo mdudu wa kubeba chavua, ua la kike hukauka na kuanguka. Alizeti hunufaika sana na nyuki, na ufuta, ingawa huweza kujichavusha, hutembelewa nao kwa wingi.

Uhusiano huo unadai uangalifu katika matumizi ya dawa za wadudu. Dawa inayopulizwa asubuhi juu ya nyanya au maboga yaliyochanua huua nyuki wa jirani pamoja na wadudu waharibifu. Kupuliza jioni, nyuki wakisharudi mizingani, na kumwarifu jirani mwenye mizinga mapema, ni hatua zisizo na gharama.

Mzinga upi?

Mizinga ya aina tatu huonekana Uganda. Wa kwanza ni wa jadi, uliochongwa katika gogo au kusukwa kwa fito na kupakwa udongo. Ni rahisi kuupata, lakini ni vigumu kuukagua bila kuvunja masega. Wa pili ni ule uliobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Kenya na kuenea Afrika nzima: sanduku lenye kuta zilizoinama, na juu yake fito zenye upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila fito, na mfugaji huinua analolitaka. Wa tatu ni mzinga wa Langstroth, uliopata jina la Mmarekani aliyeubuni katikati ya karne ya 19. Fremu zake huwezesha asali kukamuliwa kwa mashine na sega kurudishwa, lakini bei yake ni kubwa na mashine nayo huhitajika.

Kwa familia yenye fedha kidogo, fundi seremala wa kijijini huweza kutengeneza mzinga wa fito bila vifaa vya kigeni. Mzinga huo pia hutoa nta nyingi, kwa kuwa sega zima hukatwa. Nta hiyo huyeyushwa, huchujwa na kuuzwa, au hutumiwa kutengenezea mishumaa. Wengi huitupa bila kujua thamani yake.

Suala la mahali nalo ni zito. Wanubi wengi wa Arua na Koboko huishi mjini au pembezoni mwake, ambako viwanja ni vidogo. Mizinga hutakiwa kukaa mamia ya mita kutoka kwenye nyumba, shule na njia za mifugo. Familia isiyo na ardhi ya kutosha hulazimika kukubaliana na ndugu au jirani wa kijijini, na ni busara makubaliano ya mgawo wa asali yafanywe mbele ya mashahidi kabla ya mavuno ya kwanza.

Miti inayotoweka

Eneo la West Nile limepoteza miti kwa sababu nyingi. Ukaushaji wa tumbaku, zao lililolimwa huko kwa miongo mingi, ulihitaji kuni kwa wingi. Uchomaji wa matofali huhitaji kuni vilevile. Vita vilivyozuka upya Sudan Kusini Julai 2016 vilileta mamia ya maelfu ya wakimbizi, na kambi za Bidibidi, Imvepi na Rhino zikapanuka kwa haraka. Wilaya ya Koboko nayo inawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo huko Lobule. Wenyeji na wageni wote hupika kwa kuni, na haki ya mmoja kupika haiwezi kumwondolea mwingine haki yake.

Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Amri peke yake haioteshi mti. Mshea huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na mti huo umo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Gunia la mkaa huuzwa mara moja. Mti uliosimama hutoa mafuta na maua ya nyuki kila mwaka.

Asali inayokubalika sokoni

Kiwango cha kimataifa cha chakula kinataka asali isiwe na maji zaidi ya asilimia 20. Ikizidi hapo, huchacha. Kwa hiyo sega bichi likichanganywa na lililoiva huharibu ndoo nzima. Asali safi huchujwa kwa kitambaa, haichemshwi, na huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Tangu mwaka 2005 Uganda imekuwa miongoni mwa nchi zilizoruhusiwa kuuza asali katika Umoja wa Ulaya, na jumuiya ya wafugaji nyuki, TUNADO, iliyoundwa mwaka 2003, huwaunganisha wazalishaji. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, kilichoko Arua, hulishughulikia eneo zima la West Nile.

Nyumbani asali ina heshima yake. Waislamu huikumbuka kwa Sura An-Nahl, sura ya 16 ya Kurani, iliyopewa jina la nyuki. Wataalamu wa afya, hata hivyo, huonya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyoweza kumdhuru vibaya.

Kwa familia inayofikiria kuanza, mizinga miwili au mitatu yatosha mwaka wa kwanza, na wakati wa kuitayarisha ni kabla maua ya kiangazi hayajafunguka. Kilicho muhimu kuliko idadi ya mizinga ni kuyajua maua yaliyo ndani ya kilomita 3 kuizunguka, na kukubaliana na majirani kwamba miti hiyo haitakatwa wala nyasi zake kuchomwa ovyo.