Tumaini maana yake nini?

"Usijali mama, yatakuwa sawa." Maneno haya husemwa sana kliniki, hata na sisi wauguzi. Nia ni njema, ila siyo kila mara yanaleta tumaini.

Neno tumaini limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya moyo kutulia baada ya wasiwasi. Kungojea jambo jema litokee ni kutarajia, na hilo ni neno lingine.

Wazungu wana neno optimism, kutoka optimum la Kilatini, yaani bora kabisa. Liliundwa Ufaransa kueleza wazo la Leibniz, Mjerumani aliyeandika mwaka 1710 kuwa ulimwengu huu ndio bora kuliko wowote ambao Mungu angeweza kuumba. Mwaka 1755 tetemeko la ardhi likabomoa mji wa Lisbon, Ureno, na watu wengi wakaona ni vigumu kulikubali wazo hilo.

Sisi wa Hanang na Mbulu hatuhitaji kwenda Ureno kuelewa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mama aliyefiwa ukimwambia "kila jambo lina uzuri wake", atanyamaza tu, hatatulia. Anayemchotea maji, akamshikia mtoto aliyebaki na kumwacha alie, huyo ndiye anayemtuliza. Wiki zikipita halali, hali, au hawezi kumhudumia mtoto, msindikize kituo cha afya. Akisema hataki kuishi, nendeni siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Kwa mtoto mgonjwa naomba tuwe wakali zaidi. "Atapona tu, tusubiri asubuhi" ni kutarajia. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, asisubiri asubuhi, hata kama bodaboda ni ya kutafuta. Mpigie mhudumu wa afya wa kijiji chako, beba kadi ya kliniki. Baridi ya huku mnaijua, kwa hiyo mfunike vizuri, na kama anaweza kunyonya endelea kumnyonyesha njiani.